Land Rover ya zamani: pa kukata na pa kuacha

Fundi bodi anayeijua vizuri Land Rover ya zamani hakosi kipande cha sabuni ya kufulia kwenye sanduku lake la vifaa. Anakisugua juu ya bati la alumini analotaka kulikunja, kisha anapitisha moto wa gesi upande wa pili taratibu, macho yote yakiwa kwenye alama ya sabuni. Alama inageuka kahawia, inaelekea kuwa nyeusi, naye anaondoa moto papo hapo. Bati likishapoa linakuwa laini; linakubali nyundo ya mbao na kukunjika ukingoni bila kupasuka. Sabuni ndiyo kipimajoto chake. Chuma kikizidiwa na moto kinawaka wekundu na kumtahadharisha fundi, lakini alumini haina onyo hilo. Inakaa vilevile, halafu ghafla inadondoka, na palipokuwa na bati panabaki tundu.

Ujuzi wa namna hiyo ndio unaotakiwa mtu anapoamua kubadili umbo la gari la zamani: pikapu iwe stesheni wagoni, gari la paa la bati liwe la turubai, la abiria liwe la mizigo. Kwetu Afrika Mashariki kazi hii si ngeni. Tamasha la Land Rover lililofanyika Arusha Oktoba 2024 lilikusanya mamia ya magari hayo, na ukitazama msururu kama ule si rahisi kujua lipi lilitoka kiwandani na umbo lake na lipi lilipitia mikononi mwa fundi wa mtaani.

Nina msimamo wangu katika jambo hili na nauweka wazi mapema. Land Rover ya zamani inaruhusu kubadilishwa bodi kuliko gari jingine lolote la rika lake. Kinachoniuma ni kuona watu wakikata pasipokatwa na kutupa visivyotupwa, wakati gari lenyewe lilitengenezwa lifunguliwe kwa spana.

Turudi nyuma kidogo. Land Rover ya kwanza ilioneshwa hadharani kwenye maonesho ya magari ya Amsterdam, tarehe 30 Aprili 1948. Uingereza ilikuwa imetoka vitani, chuma kilikuwa cha mgawo, na kampuni ya Rover kule Solihull ilihitaji gari la kuuza nje haraka. Maurice Wilks, aliyeongoza wahandisi wa kampuni hiyo, alikuwa na Jeep ya jeshi la Marekani shambani kwake kisiwani Anglesey, na wazo likaanzia hapo. Kwa kuwa chuma kilikuwa adimu, bodi ikatengenezwa kwa aloi ya alumini iliyoitwa Birmabright. Chuma kikawekwa pale tu kilipohitajika hasa: kwenye chasisi iliyoungwa mithili ya ngazi, na kwenye ukuta unaotenganisha injini na miguu ya dereva. Fedha za kununulia mashine kubwa za kukandamiza mabati hazikuwepo, hivyo vipande vingi vya bodi vikawa bapa, na vikashikanishwa kwa bolti na ribiti.

Uhaba ule ndio uliotupatia gari linalotengenezeka chini ya mwembe. Ukiligonga ubavuni unafungua bati moja, unaliacha lile la jirani. Ukitaka kulibadilisha umbo, mlango wa kuingilia uko wazi tangu siku lilipobuniwa.

Rover wenyewe ndio walioanza mchezo huo. Mwaka huohuo wa 1948 walipeleka chasisi kwa kampuni ya Tickford ili iwajengee stesheni wagoni: kiunzi cha mbao, mabati ya alumini juu yake, viti vya watu saba. Gari lilikuwa la kupendeza. Tatizo ni kwamba serikali ya Uingereza ililihesabu kuwa gari la abiria na kulitoza kodi ya ununuzi, kodi ambayo Land Rover ya kawaida haikulipa kwa kuwa ilionekana ni chombo cha kazi. Bei ikapaa, wanunuzi wa nyumbani wakakimbia, na 1951 utengenezaji ukakoma. Rover walipolirudia wazo hilo katikati ya miaka ya 1950, waliachana na mbao na kujenga stesheni wagoni ndefu kwa vipande vya alumini vilivyofungwa kwa bolti kila upande, bila kuficha hata bolti moja. Kisha mwaka 1962 wakaja na ile ya viti 12. Kwa nini 12? Kwa sababu kwa idadi hiyo sheria ya Uingereza ililihesabu gari kuwa basi, na basi halikutozwa kodi ile. Wanaodhani umbo la bodi ni suala la urembo peke yake wakumbuke hapo.

Na wakati mwingine fundi wa nje humfundisha mwenye kiwanda. Range Rover ilipoingia sokoni 1970 ilikuwa na milango miwili tu ya abiria, na kufika kiti cha nyuma kulikuwa kujikunja. Miaka kumi ikapita. Mwaka 1980 kampuni ya Monteverdi ya Uswisi ikaanza kuzibadilisha kuwa za milango minne, kazi safi kiasi kwamba Land Rover waliiridhia. Mwaka uliofuata, 1981, kiwanda chenyewe kikatoa ya kwake ya milango minne, na ndiyo iliyokuja kupendwa duniani kote.

Sasa tuingie gereji. Tuseme unayo Land Rover 109, lile refu ambalo kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni inchi 109, karibu sentimita 277. Ni pikapu ya Series II au Series III, ya miaka ya 1960 au 1970, na unataka ulibadilishe.

Kama shida yako ni turubai, una bahati. Paa la kebini linashikwa na bolti juu ya fremu ya kioo cha mbele, na nyuma limeshikamana na ukuta wa kebini wenye kioo cha kusukuma. Bolti zikilegea (nyingi zitakuwa zimeshikwa na kutu, kwa hiyo zimwagie mafuta ya kupenyeza tangu jana yake), watu wawili wanalinyanyua na kuliweka chini. Fremu ya kioo cha mbele ina bawaba chini, na paa likitoka inaweza kulazwa juu ya boneti. Nusu ya juu ya kila mlango nayo inafunguka peke yake. Kilichobaki ni kutafuta mabomba ya kubebea turubai na mshonaji wa turubai mwenye cherehani nzito. Hujakata kitu, na ukichoka na mvua unarudisha paa lako.

Lakini ukitaka stesheni wagoni ya milango mitano, hapo ndipo wengi wanapoingia wasipopajua. Wanaona magari mawili yenye urefu mmoja, na wanadhani tofauti ni paa na milango. Sivyo. Karai la nyuma la pikapu, yaani lile sanduku la mizigo, ni refu na linaanzia mgongoni kwa dereva. La stesheni wagoni ni fupi, kwa sababu abiria wa katikati wanahitaji mlango na mahali pa kuweka miguu. Lazima basi upate karai jingine, au ulikate la kwako. Zinatakiwa nguzo za chuma kati ya milango, sakafu ya katikati iliyo chini zaidi, kitako cha kiti cha pili, na milango ya nyuma ambayo ukingo wake wa chini umekatwa kufuata duara la tairi. Na chini huko mambo hayalingani pia: tangi la mafuta la pikapu liko chini ya kiti cha mbele, la stesheni wagoni liko nyuma, na mikono ya chasisi inayobeba bodi haikai mahali pamoja. Fundi asiyelijua hili atafunga kila kitu, atapaka rangi, halafu atashangaa kwa nini milango ya nyuma inagoma kufunga.

Wanaoijua kazi huanzia mbele kwenda nyuma. Kwanza ukuta wa injini uwekwe sawa, kwa sababu bawaba za milango ya mbele zinaning'inia hapo. Kisha mlango wa mbele unatundikwa, na nguzo ya katikati inaufuata mlango. Mlango wa pili unatundikwa kwenye nguzo, na karai linaufuata. Bolti zote zinabaki zimelegea mpaka nafasi kati ya mlango na mlango ilingane juu na chini, na gari wakati huo liwe limesimama kwa tairi zake. Chasisi iliyonyanyuliwa kwa jeki hujipinda kidogo, na ukikaza bodi ikiwa imepinda, siku gari likishuka chini milango itakuambia. Anayeanzia nyuma kuja mbele anakusanya makosa yake yote na kuyapeleka kwenye upenyo wa mlango wa dereva, ambapo hayana pa kujificha.

Hakuna sehemu ya kazi hii inayodharauliwa kama mahali chuma kinapogusana na alumini. Metali hizi mbili zikikutana na maji ya chumvi, alumini huliwa. Unaona unga mweupe chini ya rangi, rangi inavimba, na siku moja bolti inachomoka na duara la bati. Anayeishi Tanga, Mombasa au Unguja analijua hili kwa macho, maana upepo wa bahari unafanya kazi usiku na mchana. Kiwanda kilijitahidi kwa kuvipaka zinki vyuma vingi vya ukingoni. Fundi wa leo anayefungia pembe za chuma tupu kwenye karai la alumini, bila zinki, bila rangi katikati, bila hata kipande cha mpira, anampa mteja gari la misimu michache ya masika. Na kuna ubaya mwingine: bodi ya alumini hung'ara huku chasisi chini yake inaoza kutoka ndani. Kabla hujatoa shilingi moja kwa ajili ya bodi, gonga chasisi kwa nyundo ndogo kuanzia mbele hadi nyuma, hasa karibu na mahali springi za nyuma zinaposhikilia. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinajibu kwa sauti iliyokufa.

Kwa nini basi nasema Land Rover inaruhusu na mengine hayaruhusu? Kwa sababu mzigo unabebwa na chasisi. Magari mengi madogo ya zamani hayakujengwa hivyo. Chukua Peugeot 404, gari lililoshinda Safari Rally mwaka 1963 na tena kuanzia 1966 hadi 1968, na ambalo wazee wetu walilitukuza. Salun ile haina chasisi ya kujitegemea. Paa, nguzo na sakafu vyote vinashirikiana kubeba. Ukilikata paa umelivunja uti wa mgongo, na utaliona linalegea katikati milango ikikataa kufunguka.

Hata Volkswagen, yenye sakafu ya kufungua kwa bolti, inategemea bodi yake ili isijipinde. Kampuni ya Karmann ya Osnabrück ilipoanza kutengeneza Volkswagen za paa la kukunja mwaka 1949, ililazimika kuongeza vyuma chini ya milango na pembeni mwa sakafu. Gari lisilo na paa la bati likawa zito kuliko lenye paa. Kazi ile iliendelea hadi 1980 na ilizaa magari zaidi ya 300,000, ikiwa na wahandisi na mashine za kupimia. Anayechukua grinda Jumamosi na kuikata paa Volkswagen ya babu yake kwa kuwa ameona picha nzuri, hana hata kimoja cha hivyo. Namwomba aiweke grinda chini.

Peugeot 404 ya pikapu ilikuwa habari nyingine, maana nyuma ilijengwa kwa fremu ya kubebea mizigo, na mafundi wa Kenya waliitumia nafasi hiyo. Baada ya Rais Jomo Kenyatta kuruhusu matatu kubeba abiria bila leseni ya usafirishaji mwaka 1973, pikapu nyingi zilijengewa kibanda cha bati nyuma, mabenchi yakawekwa pembeni, na abiria wakaketi wakitazamana. Dar es Salaam nayo ilikuwa na magari yake ya abiria yaliyoitwa chai maharage, na Zanzibar hadi karne hii imeendelea kuona daladala zenye paa na ubavu wa mbao juu ya chasisi ya lori dogo. Mafundi waliojenga vyombo hivyo hawakuacha michoro wala majina yao kwenye vibao. Ninaposikia mtu akisema Waafrika hatuna historia ya kujenga bodi za magari, nashangaa alikuwa akisafiri kwa chombo gani.

Warithi wao wako Arusha na Nairobi, kwenye karakana zinazokata Toyota Land Cruiser na kuzirefusha kwa ajili ya utalii. Hapo chasisi yenyewe inakatwa, na hilo ni jambo la kuheshimiwa. Mafundi wazuri hawakati wima; wanakata kwa mshazari au kwa ngazi ili mshono usikae mstari mmoja, wanaweka plati za ziada ubavuni, na wanakaa mbali na mahali springi zinaposhikia. Shafti inarefushwa na kusawazishwa isitetemeke, mabomba ya breki yanaongezwa, kebo ya breki ya mkono inaongezwa. Paa linapopasuliwa ili watalii watokeze kutazama simba, kiunzi cha kuzuia kupondeka kinajengwa ndani. Gari lililofanywa hivyo linadumu miaka kwenye barabara za mbugani zenye makorongo. Lililofanywa kwa haraka utalijua kwa ufa unaoanzia kwenye kona ya mlango.

Ila Land Cruiser ya kazi si gari la kihistoria, angalau bado. Kwa Land Rover ya zamani ningesema chasisi isiguswe kabisa, na hapa nina shahidi mzito. Uingereza, mamlaka ya usajili wa magari, DVLA, kwa miaka mingi ilipima magari yaliyobadilishwa sana kwa pointi. Chasisi ya asili isiyokatwa ilipewa pointi 5. Springi na shokomzoba 2, ekseli 2, giaboksi 2, usukani 2, injini 1. Gari lilihitaji pointi 8, na zile 5 za chasisi lazima ziwemo. Lililopungukiwa lingeweza kunyang'anywa utambulisho wake na kupewa namba inayoanza na herufi Q, alama ya gari lisilojulikana asili. Kwa gari lenye chasisi, bodi haikupewa pointi hata moja. Uliweza kuigeuza pikapu kuwa stesheni wagoni na gari likabaki lilelile machoni pa sheria hiyo. Ukipunguza chasisi inchi chache, ulikuwa umelipoteza.

Kwetu sheria ni nyingine lakini makaratasi yana uzito uleule. Tanzania kadi ya gari inataja aina ya bodi, na mabadiliko yanapelekwa mamlaka ya mapato, TRA. Kenya yanapitia mamlaka ya usafiri na usalama, NTSA, pamoja na ukaguzi. Wengi huacha hatua hii kwa kuona ni usumbufu. Siku ya ajali kampuni ya bima ikikuta kadi imeandika pikapu ya watu watatu na barabarani pamelala stesheni wagoni yenye abiria tisa, utakuwa umeipa sababu ya kukataa kulipa. Namba ya chasisi isafishwe na ipigwe picha kabla kazi haijaanza, na kamwe isifunikwe kwa puti.

Yapo magari ambayo ningependa yaachwe kabisa yalivyo. Series I yenye bodi yake ya kwanza, iliyotoka kiwandani kati ya 1948 na 1958, hata ikiwa imekunjamana, ina thamani kubwa kuliko bodi yoyote utakayoijenga juu yake. Vivyo hivyo gari lililobaki na alama za kazi yake ya awali, la misheni, la polisi au la Bwana Shamba, maana bodi ile ni kumbukumbu ya wilaya nzima. Gari la kubadilisha ni lile ambalo bodi yake imeshakufa: limepinduka, limeibwa vipande, au limekwisha kukatwa mara mbili tatu na watu waliotangulia. La namna hiyo lipe umbo unalolitaka, wala usisikilize wanaokuita mharibifu.

Basi mwenye Land Rover ya zamani, sikia ombi langu. Paa utakalolishusha, kebini, karai, hata vipande vya juu vya milango, usivipeleke kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Alumini ile ataiyeyusha ikawa masufuria, na bei atakayokupa kwa kilo haitakununulia hata mlango mmoja siku utakapoutafuta. Viandike kwa rangi ndani: vimetoka gari gani, namba ya chasisi ipi, mwaka gani. Vihifadhi pakavu, mbali na saruji yenye unyevu. Na umwombe fundi wako aandike jina lake na tarehe ya kazi mahali fulani chini ya kiti.